Saa Sita Kati ya Wusi na Mjomba

Voi, 7 Julai 2025

Mjomba Thadeus,

Hodi huko uliko. Ni mimi Wakesho, mtoto wa dada yako, yule uliyemfundisha kuwasha kompyuta kabla hajajua kuchemsha chai. Sasa nina miaka ishirini na minne na chai najua. Mama hajambo, isipokuwa mgongo. Mdogo wangu Abby amemaliza kidato cha nne na anasema atakuwa rubani, tumemwacha aseme. Mimi nafanya kazi kwenye saiba moja ya intaneti karibu na posta. Nawajazia watu fomu za serikali mchana kutwa, na wateja wakiisha naandika skripti zangu, zile orodha za amri ulizonifundisha, kwenye ile kompyuta uliyoniachia. Bado inawaka. Kibodi imepoteza herufi mbili lakini vidole vinajua zilipokuwa.

Anwani hii nimeipata kwa rafiki yako Kilonzo, alipokuja kutoka Toronto kumzika shangazi yake. Nilimwomba namba yako ya simu akasema ulimkataza kuitoa kwa mtu yeyote. Nikamuuliza kama ulimkataza pia kupokea barua zako. Akafikiri, akacheka, akaniandikia sanduku lake la posta. Kwa hiyo usimlaumu, nilimbana.

Sasa neno lenyewe. Mwezi wa tano nilimpeleka Nyanya kwa daktari wa masikio. Sikio la kushoto limefunga kabisa. La kulia linashika sauti ikiwa karibu, na ikiwa ni ya mtu asiyeharakisha maneno. Daktari anasema ni mshipa unaokufa, si uchafu, na kifaa cha kuvaa hakitamsaidia. Mwaka huu ukiisha huenda asisikie tena mtu kwenye simu.

Nyanya hajasikia sauti yako tangu kabla Babu hajafariki. Hiyo ni miaka sita. Sikuulizi kwa nini. Nakuomba umpigie kabla hilo sikio halijafunga. Namba yake ni ile ile.

Wako asiyechoka,
Wakesho

*

Kanada, 2 Agosti 2025

Mpendwa Wakesho,

Barua yako imenifikia ikiwa imekunjwa mara mbili, kwa sababu Kilonzo ameitia ndani ya bahasha yake na kunitumia. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Nafurahi kusikia kwamba mama yako na Abby wanaendelea, na kwamba kompyuta ile haijafa. Mwandiko wako umekuwa mzuri kuliko wangu.

Mimi ni mzima. Huku ni kiangazi na watu wanatembea na kaptula kama watoto wa shule. Kazi ipo.

Habari ya masikio ya Mama imenichoma. Lakini kuhusu simu, elewa jambo moja. Toronto nilihama zamani. Niko mashariki zaidi, na saa zetu na zenu zimepishana kwa saa sita. Kazini naingia alasiri na kutoka saa tano ya usiku. Wakati huo kwenu ni alfajiri, mmelala. Nikiamka, ninyi mko shambani na makazini. Si kwamba sitaki. Ni saa tu hazikubaliani.

Mji usiniulize, si mji unaojulikana.

Msalimie Mama. Mwambie namkumbuka.

Mjomba wako,
Thadeus

*

Voi, 30 Agosti 2025

Mjomba,

Tumepokea salamu na tumezigawa. Mama alizisoma mara tatu kisha akaenda kufua nguo zilizokuwa safi. Huko Wusi mvua imenyesha nje ya msimu na kabeji za Nyanya zimevimba vizuri, ila konokono nao wamezigundua.

Unasema saa hazikubaliani. Nimeona nizipatanishe.

Kwanza, ukitoka kazini saa tano usiku, huku ni saa kumi na moja alfajiri. Umesahau mama yako ni nani? Saa hiyo ameshawasha moto na anawasemesha mbuzi. Tunaolala ni sisi.

Pili, sikiliza ajabu hii. Unaikumbuka saa ya ukutani, ile Babu aliyopewa na reli alipostaafu pale stesheni ya Voi? Babu aliiweka kizungu, kwa sababu treni zinakwenda kizungu. Alipofariki, Nyanya aliniambia nipande kiti niuzungushe mshale saa sita nzima. Alisema amechoka kutazama 1 na kusema saba, na nyumba sasa ni yake. Tangu siku hiyo ikiwa ni saa saba mchana, mshale uko kwenye 7. Kila mgeni anafikiri saa imeharibika.

Jumapili iliyopita nilikuwa Wusi, nikawa nakuhesabia. Nikatoa saa sita, nikatazama ukutani. Mjomba, saa ya Nyanya inasoma saa yako. Mshale ukiwa kwenye 7 mchana, kwenye simu yako ni 7 ya asubuhi. Miaka sita ana saa ya kwako ukutani na hajui. Nilimpigia kelele sikioni nikamweleza. Alikaa akaitazama muda mrefu, kisha akaipangusa vumbi kwa kanga.

Hii hapa skripti, naiandika kwa kalamu, uichape mwenyewe kwenye kompyuta. Ulinifundisha kwamba anayenakili kwa mkono anaelewa.

#!/bin/bash
huku=$(TZ="Africa/Nairobi" date +%H:%M)
kwako=$(TZ="Africa/Nairobi" date -d "-6 hours" +%H:%M)
echo "Wusi: $huku"
echo "Mjomba: $kwako"

Kuna mstari mmoja zaidi ambao sijauandika hapa kwa kuwa ni mrefu. Unaeleza Nyanya anafanya nini saa hiyo. Saa kumi na moja alfajiri: moto na mbuzi. Saa nne: kabeji. Saa saba siku ya Jumapili: ametoka misa, amekaa, hana kazi. Nimeijaribu wiki mbili na haijakosea.

Basi saa ya kutafuta hatuna tena. Jumapili tarehe 2 Novemba ni siku ya kuwaombea marehemu. Tutakuwa na misa ya Babu. Tukitoka, saa saba mchana, nitakuwa pale Wusi na nitamshikia simu kwenye sikio la kulia. Kwako ni 7 asubuhi, siku ya mapumziko. Nimeiweka mbali makusudi ili barua yako ya kukubali iwe na muda wa kufika.

Wakesho

*

Kanada, 25 Septemba 2025

Mpendwa Wakesho,

Natumaini konokono wameshindwa na kabeji zimepona. Huku majani yameanza kubadilika rangi, na jirani yangu anayapiga picha kila asubuhi kana kwamba yatakimbia.

Nimenakili skripti yako na imefanya kazi mara ya kwanza. Nilikaa nikaitazama inavyoandika "Wusi". Umekua, mwanangu.

Tarehe 2 Novemba, 7 asubuhi kwangu, nitapiga. Mwambie Mama.

Kuna mengine ningesema kuhusu skripti yenyewe, lakini yanaweza kungoja.

Thadeus

*

Voi, 3 Novemba 2025

Mjomba,

Mama hajambo. Abby hajambo. Salamu zimeishia hapo.

Jana tulitoka misa mapema kwa sababu Nyanya alikataa kubaki kusalimiana na watu. Alikuwa na lile gauni la samawati. Alikaa chini ya saa, akakunja kitenge mara nne, akaiweka simu juu yake mapajani ili asipoisikia aihisi ikitetemeka. Mshale ukafika kwenye 7. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando yake. Ule mrefu ukaenda ukafika kwenye 6, nusu saa kamili.

Kisha akachukua simu, akaizima mwenyewe, akaitia kwenye kopo la sukari na kulifunga. Akaniambia, "Wakati wa Babu yako tulimngoja siku tisa. Leo nusu saa inanitosha."

Mjomba, zile siku tisa nilikuwa mkubwa wa kutosha. Mwili wa Babu ulikaa mochari, kanisani wakitangaza kila jioni kwamba mwanawe mwalimu wa chuo yuko njiani kutoka Kanada. Nyanya alikuwa ametandika kitanda chako. Sijawahi kukuandikia hilo na nilidhani sitaliandika. Jana umeniandikisha.

Sijui kama nitaandika tena.

Wakesho

*

Kanada, 3 Novemba 2025

Wakesho,

Natumai hamjambo nyote.

Nilipiga jana kama tulivyokubaliana, 7 kamili. Nikaambiwa mteja hapatikani. Nikapiga tena, na tena, mara nne. Simu ilikuwa imezimwa.

Nimeelewa. Mama ana haki yake, na wewe usijisumbue kunieleza. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi nitakayosema ili nisiharakishe maneno. Nimeiweka.

Thadeus

*

Voi, 29 Novemba 2025

Mjomba,

Barua zetu zimepishana njiani, na hasira zetu nazo. Mama anasema tumefanana. Anakusalimu, na mgongo wake pia.

Yako niliipata jana hapa saiba. Nilisoma "7 kamili" nikataka kuichana. Halafu nikajiambia, Mjomba anaficha mambo lakini hajawahi kunidanganya tarakimu. Ikiwa alipiga saa 7 yake, na simu tulizima saa saba u nusu, basi kuna mahali saa imepotea. Nikamwambia mteja wangu, mzee Kasyoki, angojee kidogo na fomu yake. Alingoja saa mbili, Mungu ambariki.

Niliandika skripti nyingine. Hii inapita kwenye orodha ya miji yote ya upande huo iliyomo ndani ya kompyuta, mmoja mmoja, na kuuliza: mwezi wa Julai wewe uko nyuma ya Voi kwa saa sita? Miji ya Kanada iliyojibu ndiyo ni minne tu. Halifax, Moncton, Glace Bay na Goose Bay. Nikaiuliza ile minne: na tarehe 2 Novemba saa saba mchana? Yote ikajibu saba, siyo sita.

Ndipo nikasoma. Kumbe huko mnazisogeza saa mbele wakati wa joto na kuzirudisha nyuma baridi ikija, na mwaka huu mlizirudisha usiku uleule wa kuamkia misa ya Babu. Ulipiga saa yako 7, huku ikiwa saa nane. Wakati huo simu ilikuwa imezimwa ndani ya kopo la sukari. Sisi huku jua linachomoza palepale mwaka mzima na halijawahi kumwomba mtu asogeze saa. Ningejuaje?

Lakini wewe ulijua. Hili ndilo linaloniuma sasa. Wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa na miaka kumi na miwili, nisiiandikie kompyuta namba kama kitu chenyewe kina jina. Ningeandika jina la mji badala ya sita, kompyuta ingejua yenyewe siku ya kubadilisha. Uliiona ile sita yangu ukaiacha. Ulisema kuna mengine yanaweza kungoja. Ili unisahihishe, ilibidi unitajie mji. Ukaona afadhali nikosee.

Juzi daktari amempima tena Nyanya. Sikio la kulia linaenda haraka kuliko alivyofikiri. Sasa nalisogelea hadi pua yangu inagusa kilemba. Nitapanda kesho kumweleza kwamba ulipiga, na kwamba ulipiga mara nne.

Kwa hiyo narudia, na safari hii siombi. Jumapili tarehe 11 Januari, saa saba mchana ya Wusi. Kwako itakuwa 6 asubuhi, bado giza, utaamka. Simu itakuwa imewashwa tangu asubuhi na haitazimwa hata ukichelewa mpaka Jumatatu. Hilo nimejiapia mimi, si Nyanya.

Na unitumie jina la mji.

Wakesho

*

Halifax, 16 Desemba 2025

Mpendwa wangu Wakesho,

Umeona nilipoanzia. Ni Halifax.

Theluji imeanguka siku mbili. Barua hii naituma moja kwa moja, haipiti kwa Kilonzo, na anwani yangu iko nyuma ya bahasha. Wape wote heri ya Krismasi, na huyo rubani wetu asikate tamaa.

Uliyoyaandika ni kweli. Niliiona ile sita siku ileile niliyonakili. Niliweka kidole juu yake. Nikajiambia Novemba ni mbali. Kisha usiku ule simu yangu ikajirudisha yenyewe nikiwa nimelala, na kwa miaka yote niliyoishi huku sijiulizi tena. Nikaona 7, nikapiga. Mwalimu mzima.

Sasa nikuambie kilichokuwa nyuma ya mji. Mimi si mwalimu wa chuo. Nilifundisha huku miezi minne mwaka wa kwanza, na Baba nikampigia kumwambia kwa furaha. Kazi ilipokwisha sikumwambia kwamba imekwisha. Kila nilipopiga alikuwa ameshawaambia watu kanisani, na mimi nikaendelea. Kazi yangu ni kwenye kiwanda cha samaki. Napasua, naosha, napanga kwenye barafu. Ni kazi halali, na ninaifanya vizuri, lakini siyo ile iliyotangazwa.

Baba alipofariki karatasi zangu hazikuwa sawa. Ningetoka nchi hii nisingeruhusiwa kuingia tena. Ningesema hivyo siku ya kwanza, mngemzika siku ya tatu. Lakini kusema hivyo ilikuwa kusema yote. Nikasema niko njiani. Nilimwambia mama yako hivyo kwenye simu mara tatu, Wakesho, nikiwa nimevaa aproni ya mpira. Baada ya hapo nilibadilisha namba, kwa sababu sikujua nitaanzaje kuzungumza na mtu aliyenitandikia kitanda.

Karatasi zimekaa sawa tangu mwaka jana. Kuja naweza. Sauti ndiyo nilikuwa sina.

Rekebisha mstari wa "kwako" kwenye skripti yako hivi:

kwako=$(TZ="America/Halifax" date +%H:%M)

Tarehe 11 nitapiga saa 6 yangu. Nitaiendesha skripti kwanza, nitatazama "Wusi" inasema nini, ndipo nipige. Na nitasema polepole.

Mjomba wako,
Thadeus

*

Voi, 12 Januari 2026

Mjomba,

Barua yako ilifika Alhamisi, siku tatu kabla. Mama aliisoma akalia, kisha akaenda posta kuuliza bei ya stempu za Halifax. Jiandae kupokea barua ndefu.

Jana tulizungumza, kwa hiyo habari unazo. Lakini kuna upande ambao simu haikuonyeshi, na huo ndio nauandika.

Nilipanda Wusi Jumamosi. Njiani nilikutana na Danson, katekista wetu, akaniuliza kwa upole kama Nyanya ni mgonjwa. Anasema tangu Desemba anafika kanisani Injili imeshasomwa, mama ambaye kwa miaka hamsini alikuwa anafungua mlango kabla ya padri. Nikaingia nyumbani na wasiwasi. Nikamkuta anaosha vyombo, mzima kabisa. Nikatazama ukutani. Kwa simu yangu ilikuwa saa kumi jioni. Mshale wa Nyanya ulikuwa kwenye 9.

Nilidhani betri. Nikavuta kiti nipande, akanishika gauni.

"Usiiguse," aliniambia. "Hiyo sasa si ya Wusi. Ni ya Thadeus."

Kumbe siku ile niliyompigia kelele sikioni kwamba huko wamerudisha saa nyuma, hakunijibu kitu. Nikashuka Voi nikidhani hajasikia. Alipobaki peke yake alipanda kiti, na magoti yale, akaurudisha mshale saa moja. Ndiyo anaamka nayo, anapika nayo, anachelewa misa nayo. Na simu alikuwa ameitoa kwenye kopo la sukari siku hiyohiyo. Kopo sasa lina sukari.

Sasa jana. Utakumbuka kwamba neno lake la kwanza halikuwa salamu. Alikuuliza, "Huko ni saa ngapi?" Ukasema kumi na mbili asubuhi, Mama, sita kamili kwenye simu. Hakusikia, akauliza tena, ukasema tena polepole. Mara ya tatu akasikia. Halafu pakawa kimya, mpaka wewe ukasema "Mama? Mama?" ukidhani laini imekatika. Haikukatika. Alikuwa ameinua uso anatazama saa. Mshale ulikuwa kwenye 6. Aliutazama mpaka macho yakajaa, akatikisa kichwa mara moja, ndipo akasema lile neno ulilolisikia: "Sawa. Sasa sema."

Ukasema yote. Sikukatiza, nilishika simu tu, na mkono ukafa ganzi. Nikuambie ukweli, nusu hakuisikia. Alisikia "samaki". Alisikia "karatasi". Alisikia "Baba". Ulipokata nilimwandikia mengine kwenye daftari kwa herufi kubwa, akayasoma kwa kidole, neno kwa neno, pamoja na zile mara tatu na aproni ya mpira. Akafunga daftari akaniuliza kama samaki wa huko wana mafuta.

Kisha akaingia chumbani. Nilipomfuata nilimkuta anatandika kile kitanda.

Masikio yake hayatangoja, daktari ameshasema, na sitakudanganya kwamba utapata simu nyingine kama ya jana. Lakini macho anayo. Skripti nimeirekebisha kwa jina la mji, nikaiuliza mtasogeza saa lini tena. Imesema tarehe 8 Machi. Siku hiyo nitapanda Wusi niusogeze mshale mbele, na Nyanya atawahi misa. Nimemwonyesha tarehe kwenye kalenda, akaniambia nisijisumbue kupanda, siku hiyo utausogeza wewe mwenyewe, Mjomba.

Wakesho